Nani Aliyekula Chaji?

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wazee wetu mliosoma hapa zamani mkatuletea zile tableti kumi na mbili, naomba nafasi kidogo katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu. Wengi wenu mmeuliza katika barua zenu kama zawadi yenu ingali nzima. Ingali nzima, isipokuwa moja, nayo habari yake nitaieleza mahali pake. Lakini katika muhula wa pili palitokea jambo juu ya tableti hizo, na shule nzima ililisikia upande mmoja tu. Aliyewasimulia upande huo ni mimi. Leo nataka kuandika upande wa pili.

Mwalimu wetu wa Kiswahili hupenda tuseme kishikwambi. Ni neno zuri, na huko Tanzania hata serikali hulitumia, walakini hapa Nalufenya sijapata kumsikia mtu akilitamka bwenini bila wenzake kucheka. Kwa hiyo nitaandika tableti, naye mwalimu anisamehe.

Tableti zenyewe ni ndogo, za inchi saba, na kila moja ina laini yake ya simu ili tupate masomo kutoka mtandaoni. Nalizitia namba kwa rangi nyeupe, moja hadi kumi na mbili, maana mimi ndiye kiranja wa maktaba. Ndani yake mna karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, video za baiolojia, kamusi, na vitabu kadha wa kadha. Labda wazee wetu mtaona ya kuwa jambo hili ni dogo. Lakini sisi tulalao shuleni haturuhusiwi kuwa na simu, na vitabu vya kidato cha sita ni vichache, hata kitabu kimoja cha kemia husomwa na watu tisa. Kila Jumatatu asubuhi kidato cha sita tuna saa mbili za maktaba. Mtu akizikosa hizo, hangojei kesho, hungoja Jumatatu nyingine.

Tena chaji kwetu si kitu cha kuchezea. Wageni hushangaa wakisikia ya kuwa shule iliyo mwendo wa miguu tu kutoka bwawa la umeme hulala gizani, lakini ndivyo ilivyo siku nyingine. Umeme ukiwapo twachaji zote kwa pamoja, twazifungia, na tunatumaini ya kuwa tulichokiweka tutakikuta.

Hapo kwanza tableti zilikaa juu ya rafu ya mbao. Mchwa wakaanza kuila rafu, na nondo moja ya dirisha ikalegea, basi Bruda anayesimamia maktaba akaona hatari ya wezi. Mwanzoni mwa muhula wa pili akatununulia kabati la chuma, zito, lenye kufuli kubwa. Tulilifurahia sana. Mimi mwenyewe nililipiga rangi. Ufunguo ulitundikwa nyuma ya mlango wa ofisi ya Bruda.

Jumatatu ya kwanza ya kabati hilo nikafungua, nikakuta tableti zote hazina uhai. Nikabonyeza vitufe, wapi! Jumamosi saa sita mchana nalikuwa nimezifunga zikiwa na zaidi ya tisini katika mia kila moja. Nikasema labda nalikosea. Jumatatu ya pili ikawa vile vile. Siku za katikati ya juma hazikuwa mbaya hivyo, lakini hata hizo, nikizifunga saa tatu usiku na tisini na tano, asubuhi saa moja nazikuta na sitini na tano au chini yake. Namba tano ndiyo iliyozidi zote kwa kufa upesi.

Sasa yupo kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye jina lake siliandiki kwa kuwa mwenyewe ameniomba nisiliandike. Kijana huyu alikuwa akifagia maktaba kila Jumapili baada ya misa. Si kwamba apenda ufagio. Mama yake ni mjane, na kazi hiyo ndiyo iliyompunguzia ada ya shule. Alijua mahali ufunguo ulipotundikwa. Tena namba tano ndiyo aliyopenda kuiazima, kwa ajili ya kamusi. Nalipoyaweka mambo hayo matatu pamoja, niliona kesi imekwisha.

Nikamwita mbele ya wenzake, saa ya maktaba. Nikamwuliza kwa nini anacheza michezo katika tableti za shule siku ya Jumapili. Akasema, "Kaka, mimi nafagia tu. Kabati sijalifungua hata siku moja." Nikamwambia, "Betri haijili." Watu wakacheka sana. Neno hilo likashika bweni zima, hata kila alipopita kwenda kuteka maji, wadogo kwa wakubwa wakamwimbia: betri haijili, betri haijili. Hakujibu. Bruda akamwondoa katika kazi ya maktaba mpaka uchunguzi uishe, na kiranja mkuu akampa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja wa mpira jioni sita.

Hayo ndiyo mliyoyasikia. Yaliyofuata ni haya.

Ili kuonyesha bidii, nikamwomba Bruda ufunguo niutunze mimi. Nikautia katika kamba ya kiatu nikauvaa shingoni, hata bafuni nilikwenda nao. Jumamosi saa sita mchana nikafunga kabati kwa mkono wangu. Jumapili kijana yule hakukanyaga maktaba, maana alikuwa uwanjani na fyekeo, nami nalimwona kwa dirisha. Jumatatu saa moja asubuhi nikafungua. Zote kumi na mbili zilikuwa zimekufa.

Nalisimama pale muda mrefu, mkono juu ya mlango wa kabati. Kitu cha kwanza nilichofikiri, nakiri, si kijana yule. Nalifikiri wenzangu watasema nini. Nikalifunga kabati nikawaambia umeme ulikuwa hafifu. Nikakaa na siri hiyo siku mbili nzima, na jioni zote mbili nikaisikia sauti ya fyekeo uwanjani.

Siku ya Jumatano nikamwendea Bruda nikamweleza. Hakunikemea. Alisema, "Umeniletea mtu bila sababu. Sasa niletee sababu." Adhabu ya kijana ikasimamishwa jioni ile ile, zikiwa zimebaki jioni mbili. Lakini kazi hakurudishiwa, maana Bruda alitaka jambo zima lijulikane kwanza, na ada ya muhula ilikuwa ikingojewa ofisini kwa mhasibu.

Kwa bahati Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya wazazi kututembelea. Mjomba wangu alikuja kutoka Mbale kwa njia ya Tirinyi. Yeye ni fundi wa simu, ana meza yake mjini karibu na ule mnara wa saa, na miaka mingi amekuwa akifungua na kufunga vitu hivi. Nalimletea namba tatu mikononi, iliyofungiwa tangu Jumamosi saa sita. Ilikuwa saa tisa alasiri, imebakiwa na kumi na nne katika mia. Nilidhani atatoa bisibisi yake. Badala yake akaniuliza, "Mwana wa dada, umesoma ukurasa wa betri?"

"Ukurasa gani, Mjomba?"

Akaingia katika mipangilio, akagusa neno betri, akanipa nisome. Ndugu wasomaji, habari yote ilikuwa imeandikwa mle tangu siku ya kwanza. Palikuwa na mstari wa grafu ulioteremka kutoka Jumamosi hadi saa ile, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Chini yake paliandikwa kila kitu kilichotumia umeme na kadiri yake. Kioo kilikuwa kimewaka dakika mbili tu, nazo ni zile nilizokuwa nikikitazama mimi. Juu kabisa ya orodha palikuwa na mtandao wa simu, na mbele yake: muda uliokaa bila mawimbi, tisini na nane katika mia.

Mjomba akaweka kidole juu ya mstari. "Mtu akicheza, mstari huanguka kama ngazi. Hapa unashuka kwa ghafula, hapa unatulia, kwa maana hata mwizi hulala. Huu haukulala. Hakuna mtu hapa. Sasa wewe ulijuaje kuwa ni yule kijana?"

Sikuwa na jibu. Mjomba naye hakuliuliza tena, akala ndizi alizoletewa na mama yangu mdogo.

Kabla hajaondoka alinifundisha njia ya kupeleleza. Tena alinionya nisibadilishe mambo mawili kwa mara moja, kwa kuwa nikipata nafuu sitajua ni lipi lililoleta nafuu. Niandike hesabu kila usiku na kila asubuhi, saa zile zile. Nikanunua daftari dukani.

Yafaa nieleze kwanza maana ya kulala kwa tableti, kwa kuwa wengi wetu twadhani kioo kikizimika basi kila kitu kimezimika. Sivyo. Tableti iliyofungwa kioo ni kama askari wa zamu aliyeketi: haendi popote, lakini masikio yako wazi. Tangu mwaka 2015 mfumo wa Android una usingizi mzito zaidi. Chombo kikilazwa bila kuguswa, na waya wa chaja umetolewa, programu nyingi huzuiwa zisiamke ovyo, hupewa nafasi fupi mara chache ili zifanye kazi zao kwa pamoja. Kwa usingizi huo chaji hupungua kidogo sana usiku. Lakini ile sehemu inayosemezana na mnara wa simu hailali pamoja na wenzake. Ikiupata mnara vizuri, hunong'ona tu mara kwa mara. Ikiupata kwa shida, hupaza sauti. Ikiukosa kabisa, huzunguka masafa yote ikiutafuta, ikikosa hurudia tena.

Nikafanya hesabu. Nyuma ya tableti pameandikwa ya kuwa betri yake ni ya miliampia-saa 3,500. Thelathini katika mia ya hizo ni 1,050. Zikipotea kwa saa kumi za usiku, ni miliampia-saa 105 kila saa, bila mtu kugusa kitu. Shimo la namna hiyo haliwezi kuwa la kawaida.

Usiku wa Jumatatu nikachukua tableti tisa nikazigawa makundi matatu. Tatu nikazifungia kabatini kama desturi. Tatu nikazitia katika hali ya ndege, yaani kila redio ya ndani imezimwa, nikazifungia pamoja na zile za kwanza. Tatu nikaziacha hali ya kawaida juu ya meza ya Bruda, mlango wa ofisi umefungwa. Zote tisa zilikuwa na tisini na tano. Asubuhi saa moja, Bruda mwenyewe akiwapo, tukasoma. Za kabatini zimepungua 30, 29 na 31. Za mezani zimepungua 6, 6 na 7. Za hali ya ndege zimepungua 2, nyingine 2, na ya tatu, ambayo ni ile namba tano, 18.

Namba tano tuiache kidogo. Hizo nyingine zilitosha kutufanya tutazamane. Tableti zile zile, usiku ule ule, nyumba ile ile: zilizolala ndani ya chuma zimepoteza karibu mara tano ya zilizolala juu ya meza. Bruda akatoa simu yake mfukoni. Tableti hizi ndogo huweza kupokea simu pia. Akaitia namba tatu kabatini, akafunga mlango, akapiga laini yake. Sauti ya mwanamke ikatuambia ya kuwa namba hiyo haipatikani. Akafungua mlango, akangoja kidogo, akapiga tena. Namba tatu ikalia mle ndani kwa sauti kubwa hata nikaruka.

Kumbe ni kabati! Sisi wa fizikia tulikuwa tumekwisha kusoma habari za Michael Faraday, ambaye mwaka 1836 alitengeneza chumba akakizungushia karatasi ya madini, akarusha cheche kubwa za umeme upande wa nje, na chombo chake cha kupimia ndani hakikuona kitu. Mimi nalipata alama nzuri katika swali hilo. Nalichora na picha. Walakini kabati la chuma nililolipiga rangi kwa mkono wangu sikulifikiria hata mara moja kuwa ni sanduku la Faraday. Chuma chake kiliyazuia mawimbi ya mnara, na kila tableti ikakesha usiku kucha ikiutafuta mnara usioweza kuuona. Tulinunua kabati tukiogopa wezi, nalo ndilo lililotuletea mwizi. Tatizo lilianza juma lile lile kabati lilipokuja, na mimi nalizijua tarehe zote mbili.

Hapo ningependa kusema kesi ilikwisha, lakini namba tano ilikuwa ikinitazama. Redio zake zote zimezimwa na bado imepoteza 18.

Siku zile mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametupeleka kutazama bwawa. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth, na kituo chake leo chaitwa Nalubaale, mitambo kumi, megawati 180. Karibu yake ni Kiira, iliyoanza mwaka 2000, megawati 200. Akatueleza ya kuwa ziwa lote lililo nyuma yetu ni akiba ya umeme, na ya kwamba kati ya mwaka 2003 na 2006 lilishuka kadiri ya mita moja, hata mashua zikakwama matopeni. Watu wengine walisema ni ukame. Wengine walisema ni maji yaliyofunguliwa kupita kipimo ili kuzungusha mitambo. Wataalamu walipopima waliona ni yote mawili. Wenzangu walikuwa wakipiga picha daraja jipya, mimi nilikuwa nikifikiria namba tano. Kama ziwa laweza kuwa na matundu mawili, basi na tableti yaweza.

Usiku ule nikaiwasha namba tano katika hali ya usalama. Hiyo ni njia ya kuiwasha ikiwa na programu ilizozaliwa nazo tu, na zote zilizoongezwa baadaye zimelazwa. Nikaiacha pia katika hali ya ndege kama jana, ili nibadilishe jambo moja tu. Asubuhi ilikuwa imepungua 2. Basi mla chaji alikuwa mmoja wa walioongezwa. Walioongezwa walikuwa watatu: kamusi, msomaji wa vitabu, na programu moja iliyojisifu ya kuwa husafisha tableti na kuokoa betri.

Nikarudi katika ukurasa wa betri nikausoma vizuri, kutoka juu hadi chini. Programu ile ya kuokoa betri ilikuwa ya pili katika orodha. Siku ya kwanza nalikuwa nimeiona nikaipita, kwa sababu ya jina lake. Kazi yake ilikuwa hii: kila baada ya dakika chache huamka, huzifunga programu nyingine kwa nguvu, na hizo hufunguka tena, nayo huamka tena kuzifunga. Usiku kucha. Ni kama mlinzi anayepiga ngoma kila robo saa apate kujua kama watu wamelala. Nikaifuta. Usiku uliofuata, hali ya kawaida, juu ya meza ya Bruda, namba tano ikapungua 6 kama wenzake.

Na sasa neno ambalo sikumwambia mtu ila Bruda, mpaka siku nitakayoitaja. Programu ile niliiweka mimi. Muhula wa kwanza, siku moja tulipokuwa na mtandao mzuri, naliona tangazo lake nikaishusha katika namba tano ili kuijaribu, nikajiona mtaalamu, kisha nikaisahau. Namba tano haikufa upesi kwa sababu ya kamusi ya kijana yule. Ilikufa kwa sababu yangu. Nalimshtaki kwa ushahidi nilioutengeneza mwenyewe bila kujua.

Kuhusu namba tisa, wazee wetu, ndiyo ile moja niliyosema. Yenyewe haikuwa na kosa la kabati wala la programu, ila betri yake imechakaa: yaonyesha mia, ukiifungua dakika kumi yaonyesha sitini. Juma lile la majaribio mgongo wake ukaanza kuinuka kama mkate. Mjomba alikuwa amenionya juu ya jambo hilo. Betri hizi za lithiamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony, na ambazo mabwana watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 2019, zikivimba zina hewa ndani na zaweza kushika moto. Haifai kuzitoboa, kuzibana, wala kuzichaji. Bruda aliizima akaitia katika ndoo ya mchanga nje, mbali na vitabu, mpaka fundi atakapoichukua. Msidhani tumeipoteza ovyo.

Sasa twafanya hivi. Kabla ya kufunga kabati, kila tableti hutiwa katika hali ya ndege. Zile ambazo hazitatumika juma zima huzimwa kabisa, lakini hatuziachi tupu, twaziacha na chaji ya nusu, kwa kuwa betri ya lithiamu ikikaa muda mrefu bila chaji huharibika. Hakuna anayeongeza programu bila kuandika katika daftari jina lake na tarehe. Jambo hili nililipendekeza mimi, na jina la kwanza katika ukurasa huo ni langu, kwa programu iliyokwisha kufutwa.

Ilibaki kazi moja. Bruda alisema anaweza kumwita kijana ofisini na kumrudishia kazi yake kimya kimya. Nikamwambia ya kuwa sikumshtaki kimya kimya. Basi Ijumaa baada ya chakula cha usiku nikasimama bwaloni juu ya benchi, daftari mkononi. Magoti yalikuwa yakitetemeka. Nikawasomea hesabu zote: za kabatini, za mezani, za hali ya ndege. Nikawaambia habari ya kamba ya kiatu na zile siku mbili nilizokaa kimya. Nikawaambia nani aliyeiweka programu katika namba tano. Wengine walicheka, na mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Betri imejila!" Kisha pakawa kimya, maana wote walimgeukia yeye.

Alikuwa ameketi meza ya mwisho, bakuli la posho mbele yake. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nalikukosea. Naomba unisamehe." Akanitazama, kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu aulizaye bei ya kitu:

"Na zile nyasi, Kaka?"

Sikuwa nimefikiri juu ya nyasi. Jioni nne alizifyeka yeye, nazo zilikuwa zimekwisha kuota tena, kwa kuwa ilikuwa majira ya mvua. Basi nikaomba fyekeo kwa kiranja mkuu, nikafyeka jioni nne. Wenzangu wa kidato cha sita walisema najishusha mbele ya watoto. Siku ya tatu viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, nami nikajua alivyokuwa akishika kijiko siku zile.

Kazi ya maktaba alirudishiwa, na Bruda akaenda mwenyewe kwa mhasibu kusema habari za ada. Lakini kijana hakuja Jumapili ya kwanza, wala ya pili. Jumapili ya tatu alikuja, akafagia, akaweka ufagio mahali pake. Nikamtolea ufunguo pamoja na kamba yake ya kiatu, nikamwambia auweke yeye. Akakataa.

"Ufunguo kaa nao wewe," akasema. "Nipe daftari."

Mpaka leo ndivyo tufanyavyo. Jumatatu saa moja asubuhi mimi nafungua kabati na kusoma, yeye anaandika. Kila nikitaja hesabu huinama kuitazama tableti yenyewe kwa macho yake, ndipo aandike. Juma lililopita, tangu Jumamosi saa sita mchana, namba moja ilikuwa imepungua 9, namba tatu 8, na namba tano 9.

Kidato cha Sita, Sayansi